Soma Jani, Kisha Soma Mfuko

Haya ni mazungumzo ya Bibi Shamba na wakulima wa mahindi na mpunga. Wengi wa waliokuja kumsikiliza ni wahitimu wa kisomo. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, pamoja na maswali waliyouliza wakulima.



Asanteni kwa kuacha jembe na kuja kunisikiliza. Najua huu ni wakati wa palizi, kwa hiyo sitawachosha. Nataka tuzungumze juu ya jambo moja tu. Kuna wakati mahindi yanageuka rangi na kudumaa, hali mvua imenyesha, palizi imefanyika, na hata mbolea imetiwa. Mwenye shamba anashangaa. Anakopa fedha, ananunua mfuko mwingine wa mbolea ile ile. Anatia. Mahindi hayabadiliki. Mwishowe fedha imekwisha, deni limebaki, na watu wameanza kunong'onezana kwamba shamba limerogwa.

Ndugu zangu, mara nyingine shamba la namna hiyo halikurogwa. Lina njaa. Lakini si njaa ya ile mbolea tuliyoizoea. Ni njaa ya chakula kingine, kidogo sana, kiitwacho zinki.

ZINKI NI KITU GANI?

Zinki ni madini. Mabati mengi ya kuezekea nyumba ni chuma kilichopakwa zinki ili kisishike kutu upesi. Basi madini hayo hayo yamo katika udongo kwa kiasi kidogo sana. Mimea huyanyonya kwa mizizi yakiwa yameyeyuka katika maji.

Mwaka 1926 wataalamu wawili wa Marekani, Sommer na Lipman, walionyesha kwamba mimea haiwezi kukua vizuri bila zinki. Mmea unaitumia kutengeneza kichocheo kinachourefusha. Unaitumia pia katika kazi nyingine nyingi za ndani. Ikikosekana, mmea unabaki mfupi kama mtoto aliyekosa chakula bora.

Sasa sikilizeni hesabu hii. Mkivuna mahindi magunia 10 ya kilo 100, hiyo ni tani moja. Punje hizo zimechukua shambani kilo 15 hivi za naitrojeni, yaani kile chakula kilicho katika yuria. Je, zimechukua zinki kiasi gani? Gramu 20 tu, au karibu na hapo. Ni uzito wa vijiko vinne au vitano vya sukari ya chai.

Mtu anaweza kusema, "Ah, vijiko vinne! Hicho kitu gani?" Lakini angalieni chumvi. Chumvi tunayotia katika mboga ni kidogo, na unga ni mwingi. Hata hivyo, mboga isiyo na chumvi hailiki kwa kuongeza unga. Vivyo hivyo, shamba lisilo na zinki haliponi kwa kuongeza yuria.

JINSI YA KUSOMA JANI

Ninyi mmejifunza kusoma kitabu. Jani nalo lina maandishi yake. Tuyasome pamoja.

Kwanza, tazama ni majani gani yameugua: ya chini yaliyozeeka, au ya juu yaliyo machanga?

Mahindi yakikosa naitrojeni, majani ya chini ndiyo yanayoanza kugeuka manjano. Manjano hayo yanaanzia kwenye ncha ya jani na kuteremka kwa kufuata mshipa wa katikati. Mahindi yakikosa fosforasi, mara nyingi majani na shina huwa na rangi ya zambarau. Yakikosa potasi, majani ya chini hukauka pembeni kama yaliyochomwa na moto.

Lakini njaa ya zinki inaonekana zaidi kwenye majani machanga. Hutokea wiki mbili au tatu za mwanzo baada ya mahindi kuota. Utaona mkanda mpana, mweupe au wa manjano hafifu, kila upande wa mshipa wa katikati. Mkanda huo unaanzia chini ya jani, pale linaposhikana na shina, na kwenda juu. Mshipa wa katikati wenyewe unabaki kijani. Kingo za jani nazo zinabaki kijani. Njaa ikizidi, majani yanayochomoza katika moyo wa mmea hutoka yakiwa karibu meupe kabisa. Pingili huwa fupi, na majani hukaa yamebanana.

Tusichanganye hali hiyo na ugonjwa wa milia ya mahindi. Ugonjwa wa milia huletwa na virusi, na husambazwa na wadudu wadogo warukao. Milia yake ni myembamba, imekatika katika, na imeenea jani zima. Tena mara nyingi mmea mmoja unaugua na jirani yake ni mzima. Njaa ya zinki kwa kawaida hushika kipande kizima cha shamba, kwa sababu ugomvi uko kwenye udongo. Vilevile ng'oa mmea mmoja utazame mizizi na ardhi yake. Kama kuna kiduha, basi tatizo lako ni kiduha, na zinki haitakusaidia.

Jambo jingine. Siku za baridi na mvua nyingi, mahindi machanga yanaweza kuonyesha weupe kidogo kwa sababu mizizi imezubaa. Jua likitoka, baada ya siku chache yanapona yenyewe. Kwa hiyo tusikimbilie dukani siku ya kwanza.

Kwenye mpunga dalili ni tofauti kidogo. Zinatokea wiki mbili hadi nne baada ya kupandikiza. Majani ya chini yanapata madoa ya kahawia, kama kutu. Majani machanga yanapauka karibu na shina, hasa kwenye mshipa wa katikati. Mpunga unadumaa kwa vipande: hapa umesimama vizuri, pale umelala chini kama uliopandwa juzi.

HABARI YA MPUNGA WA TARAI

Nataka kuwapa habari ya kweli kutoka Bara Hindi, maana wenzetu wa huko walipata taabu hii kabla yetu, na dawa yake ndiyo ninayokuja kuieleza.

Kaskazini ya India, chini ya milima ya Himalaya, kuna nchi ya tambarare iitwayo Tarai. Ni mahali pa maji mengi na mpunga mwingi. Katika miaka ya 1960 mpunga wa huko ulishikwa na hali mbaya. Majani yaligeuka rangi ya kahawia kama kutu, na mimea ikadumaa. Wakulima waliiita hali hiyo Khaira.

Kila aliyeona madoa yale aliweza kudhani ni ugonjwa wa ukungu au wa vijidudu, na anayedhani hivyo hununua dawa za kuua ukungu. Lakini pale Pantnagar, kwenye chuo kikuu cha kilimo, alikuwapo mtaalamu wa magonjwa ya mimea aitwaye Y. L. Nene. Mwaka 1966 alitangaza kwamba Khaira haikuwa ugonjwa wa kuambukizwa hata kidogo. Mpunga ulikosa zinki. Dawa yake ilikuwa kupulizia majani maji yaliyochanganywa na chumvi ya zinki, iitwayo zinki salfeti, pamoja na chokaa kidogo.

Tangu hapo upungufu wa zinki umeonekana katika nchi nyingi zinazolima mpunga. Mwaka 1982 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa kitabu cha mtaalamu Sillanpää. Alikuwa amepima udongo na mimea kutoka nchi 30, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Naye alikuta kwamba mashamba mengi yana uhaba wa vyakula hivi vidogo vidogo.

Fundisho la Tarai ni hili: usinunue dawa kabla hujajua ugonjwa.

KWA NINI ARDHI INAKOSA ZINKI?

Mara nyingine zinki haimo kabisa, au ni haba. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye udongo wa kichanga. Ndivyo ilivyo pia mahali ambapo mmomonyoko umechukua udongo wa juu, na pale ambapo tumesawazisha jaruba tukakwangua udongo mweusi wote.

Mara nyingine zinki imo, lakini imefungwa. Mizizi haiwezi kuipata. Hali hiyo hutokea kwenye udongo wa magadi, au wenye chokaa nyingi. Hutokea pia kwenye jaruba lililotuama maji muda mrefu bila kukauka.

Na kuna sababu moja tunayoileta wenyewe. Mbolea ya fosfeti, kama DAP au TSP, ikitiwa nyingi mno mahali penye zinki haba, huzidisha njaa ya zinki. Sisemi muache DAP. DAP ni mbolea nzuri ya kupandia. Nasema hivi: kama mahindi yana mistari myeupe, kuongeza DAP kunaweza kuyadhuru badala ya kuyaponya. Hapo ndipo mkulima anapotupa fedha yake mara mbili.

JARIBU KWANZA MISTARI MINNE

Haya. Umesoma jani, unadhani ni zinki. Je, unapulizia shamba lote? Hapana. Jaribu kwanza.

Njia ya hakika zaidi ni kupima udongo au majani kwenye maabara. Kwa upande wa Tanzania, maabara ya udongo ziko Mlingano huko Tanga, na Chuo Kikuu cha Sokoine huko Morogoro. Mkiweza kuchanga kama kikundi mkapeleka udongo, fanyeni hivyo. Lakini maabara ni mbali, na mahindi hayangoji. Kwa hiyo tumieni jaribio la mistari minne.

Chagua mahali ambapo dalili zinaonekana wazi. Hesabu mistari minne ya mahindi, urefu wa hatua 30. Simika vijiti kwenye pembe. Hiyo utaipulizia. Mistari minne ya jirani usiiguse. Kazi nyingine zote, palizi na mbolea, zifanye sawa sawa pande zote mbili.

Baada ya wiki moja hadi mbili, nenda ukatazame. Usitazame majani ya zamani, kwa maana yale yaliyokwisha kuwa meupe huenda yasirudi kijani. Tazama majani mapya. Kama kwenye mistari uliyopulizia yanatoka kijani, na kwenye mistari ya jirani bado yanatoka na mkanda mweupe, umepata jibu. Kama pande zote mbili ni sawa, zinki siyo shida yako, na umepoteza gramu chache tu badala ya kupoteza fedha ya shamba zima.

KUCHANGANYA

Sasa chukueni kalamu muandike.

Zinki salfeti ya kawaida ina chengachenga kama chumvi au sukari. Zinki iliyomo ni karibu asilimia 21. Kipimo chake ni gramu 5 kwa lita moja ya maji. Chokaa ni nusu yake, yaani gramu 2 na nusu kwa lita moja.

Kwa bomba la mgongoni la lita 16:
Zinki salfeti: 5 × 16 = gramu 80.
Chokaa: nusu ya 80 = gramu 40.

Kwa ekari moja ya mahindi machanga tuseme utatumia mabomba 10:
Zinki salfeti: 80 × 10 = gramu 800.
Chokaa: 40 × 10 = gramu 400.

Mnaona? Ekari nzima haifikishi kilo moja.

Kwa jaribio letu la mistari minne unahitaji lita 4 tu, yaani robo ya bomba. Basi pima gramu 80 kwenye mizani ya dukani. Zimwage juu ya karatasi, gawa katikati, kisha kila nusu igawe tena. Fungu moja ni gramu 20. Hilo linatosha lita 4. Chokaa yake ni gramu 10.

Iko zinki salfeti nyingine ambayo ni kali zaidi. Mfuko wake umeandikwa zinki asilimia 33 au zaidi. Hiyo tia gramu 3 tu kwa lita, yaani karibu gramu 50 kwa bomba la lita 16. Chokaa yake ni ile ile, gramu 40.

Kwa nini tunatia chokaa? Kwa sababu zinki salfeti peke yake ina uchachu, na inaweza kuunguza majani. Tumia chokaa nyeupe iliyokwisha kuzimwa. Usitumie chokaa mbichi inayochemka ikiguswa na maji, maana inaunguza mikono na macho.

Fanya hivi. Koroga zinki salfeti katika ndoo moja mpaka iyeyuke yote. Koroga chokaa katika ndoo ya pili, iache itulie, kisha chuja maji yake kwa kitambaa. Mimina maji ya chokaa polepole ndani ya zinki huku unakoroga. Ongeza maji mpaka kipimo kitimie. Chuja tena unapotia kwenye bomba, vinginevyo pua ya bomba itaziba. Tumia mchanganyiko siku hiyo hiyo.

Wala usichanganye zinki salfeti na mbolea yoyote ya fosfeti ndani ya bomba. Zitagandamana na kutuama chini, na kazi yako itakuwa bure.

KUPULIZIA

Kabla ya yote, bomba! Kama bomba limetumika kwa dawa ya kuua magugu, lioshe mara nyingi kwa maji na sabuni, pamoja na mpira wake na pua yake. Afadhali uwe na bomba jingine kabisa. Mabaki kidogo ya dawa ya magugu yanaweza kuua mahindi, halafu lawama ikawa kwa zinki.

Pulizia asubuhi umande ukishakauka, au jioni jua likipoa. Usipulizie jua kali la mchana. Usipulizie mvua ikiwa inakuja. Majani yalowe vizuri, lakini yasichuruzike. Kama jaribio limekwisha na maji yamebaki, usirudie mimea ile ile.

Rudia mara ya pili baada ya siku 10 hadi 14. Sababu ni kwamba zinki haihami kwa urahisi kutoka jani la zamani kwenda jani jipya. Majani yaliyochomoza baada ya wewe kupulizia nayo yanataka sehemu yao.

Usichelewe. Wakati mzuri ni mahindi yakiwa na majani manne hadi manane. Yakishatoa mbelewele, mavuno hayaongezeki sana tena. Kwa mpunga, pulizia mara dalili zionekanapo. Na kama unaweza kutoa maji, yatoe ardhi ipate hewa kidogo, ndipo uyarudishe. Hilo peke yake husaidia zinki iliyofungwa ifunguke.

Unapopulizia, vaa nguo ndefu na viatu. Usile wala kuvuta sigara mpaka umenawa. Zinki salfeti ikimezwa hutapisha na kuumiza tumbo. Isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda wala kopo la chumvi. Iandikwe jina, ifungwe, iwekwe mbali na watoto.

KUSOMA MFUKO

Hapa ndipo kisomo chenu kinapogeuka kuwa fedha.

Mfuko wa mbolea una namba tatu. Namba ya kwanza ni naitrojeni, ya pili ni fosfeti, ya tatu ni potasi. Hizo mnazijua. Lakini zinki haimo katika namba hizo tatu. Tafuteni herufi mbili: Z kubwa na n ndogo. Zn. Hiyo ndiyo alama ya zinki duniani kote. Mbele yake pataandikwa asilimia.

Yuria haina Zn. CAN haina. DAP ya kawaida haina. Ziko mbolea za kupandia zilizoongezwa Zn, na lazima iandikwe kwenye mfuko.

Na sasa kuna hizi mbolea za maji za chupa, tunazoziita busta. Chupa ina picha ya hindi kubwa mno! Ndugu zangu, picha siyo chakula cha mmea. Geuza chupa, soma nyuma. Je, Zn imeandikwa? Ni kiasi gani? Chupa nyingine zina vyakula vingi, lakini kila kimoja ni tone tu. Kama shamba lako lina njaa ya zinki, nunua chupa yenye zinki ya kutosha, na ufuate kipimo cha chupa hiyo. Usitumie kipimo changu cha gramu 5. Hicho ni cha zinki salfeti.

Ukikuta chupa haina maandishi, au imefunguliwa, au muuzaji anasema tu "hii inatibu kila kitu," mrudishie chupa yake.

MWAKA UJAO

Kupulizia majani ni sawa na kumnywesha uji mgonjwa. Kunamwinua upesi. Lakini hakujazi ghala. Msimu ujao udongo utakuwa ule ule.

Kama jaribio limeonyesha kweli kwamba zinki imekosekana, msimu ujao tia zinki kwenye udongo. Kule India kipimo kilichozoeleka ni kilo 25 za zinki salfeti kwa hekta, yaani kilo 10 hivi kwa ekari. Huchanganywa na udongo kabla ya kupanda au kupandikiza. Kiasi hicho kinasaidia kwa misimu kadhaa, kwa hiyo usirudie kila mwaka bila kupima. Zinki ikizidi nayo ni sumu kwa mimea.

Na tusisahau samadi. Samadi ya ng'ombe na mbuzi ina zinki, tena inaufanya udongo uishike vizuri. Mabua ya mahindi tukiyachoma na majivu yakapeperushwa na upepo, tumeipunguzia ardhi chakula chake. Tukiyafanya mboji, tumeirudishia. Kuzuia mmomonyoko nako ni kulinda zinki, kwa sababu iko zaidi kwenye udongo wa juu.

MASWALI YA WAKULIMA

Mzee mmoja aliuliza: "Bibi Shamba, umesema mabati yana zinki. Je, tukizika vipande vya bati shambani, au betri za tochi zilizokwisha, si tutaokoa fedha?"

Jibu: Hapana, baba yangu. Bati litatoa zinki polepole mno, nalo litakata miguu ya watoto wako. Betri ni mbaya zaidi. Ndani yake mna vitu vingine vya sumu ambavyo hatuvitaki katika chakula. Betri zisitupwe shambani kabisa.

Mama mmoja aliuliza: "Mtoto wangu alipoharisha, zahanati walinipa vidonge wakasema ni vya zinki. Ni kitu kimoja na hii?"

Jibu: Mama, umeuliza jambo kubwa. Ni kweli mwili wa mtu nao unahitaji zinki. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalishauri mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14. Wakati huo kipimo kilichoshauriwa kilikuwa miligramu 20 kwa siku kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, na miligramu 10 kwa mdogo zaidi. Lakini hicho ni kidonge kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu. Zinki ya shambani haikusafishwa kwa kuliwa, na vipimo vyake ni vya mimea. Usimpe mtoto hata chembe. Nenda zahanati. Na nyumbani tuwape watoto dagaa, nyama tukiipata, maharage na karanga, kwa sababu ugali peke yake una zinki kidogo.

Kijana mmoja aliuliza: "Nitajuaje kwamba nimepata faida?"

Jibu: Kwa daftari. Ile mistari minne uliyopulizia ivune peke yake. Ile minne ya jirani ivune peke yake. Pima zote kwa debe lile lile au mizani ile ile. Andika tofauti. Kisha andika bei ya zinki, bei ya chokaa, na siku ulizofanya kazi. Kama mahindi yaliyoongezeka yanazidi gharama, endelea. Kama hayazidi, acha. Usiniamini mimi, liamini daftari lako.

Mama mwingine aliuliza: "Mahindi yangu yamekauka kwa ukame. Nikipulizia yatafufuka?"

Jibu: Hapana, mama. Zinki haiwezi kuwa mvua. Inatibu njaa ya zinki tu.

Basi ndugu zangu, nimemaliza. Kesho asubuhi kila mmoja aingie shambani kwake bila jembe, akiwa na macho tu na daftari. Ainame, afungue jani changa, alisome. Atakayeona mkanda mweupe kila upande wa mshipa, aje tusimike vijiti pamoja. Mkopo wa mfuko wa pili wa yuria ungoje kwanza.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Majani ya mahindi yenye njaa ya zinki yanafananaje? Yanatofautianaje na yale yenye njaa ya naitrojeni?
2. Kwa nini ni hatari kuongeza DAP nyingi kwenye mahindi yenye mistari myeupe?
3. Bomba lako ni la lita 20. Utatia gramu ngapi za zinki salfeti ya kawaida? Na chokaa gramu ngapi?
4. Leteni mifuko na chupa tupu za mbolea zilizoko kijijini. Ni zipi zilizoandikwa Zn?
5. Katika kijiji chenu ni mashamba gani yaliyopoteza udongo wa juu? Mnaweza kufanya nini pamoja ili kuyarudishia rutuba?